Mpole kwa Mtu, Mkali kwa Msimbo

Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitoa tahadhari iliyowakosesha usingizi mafundi wa seva duniani kote. Aliona kuwa kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia katika matoleo ya majaribio ya mifumo ya Debian na Fedora.

Mlango huo ulipitishwa kwa ufundi mkubwa, lakini kabla ya ufundi kulikuwa na tabia. Programu ya xz ni huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kupendekeza marekebisho. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandama hadharani: mbona marekebisho yanachelewa, mbona humwachii mwingine kazi? Akawakumbusha kuwa halipwi kwa kazi hiyo. Hawakukoma. Wakati huohuo mtu aliyejiita Jia Tan, aliyeanza kuchangia mwaka 2021, alikuwa akisaidia kwa upole na bidii, hadi akaaminiwa kutoa matoleo mapya. Ni kupitia yeye mlango ule uliingia.

Wachunguzi wengi wanaamini kelele zile na upole ule vilikuwa mpango mmoja. Mimi naamini mpango huo ulipata nafasi kwa kuwa kumfokea mtu anayejitolea kumezoeleka mno katika jamii hizi. Ndiyo maana nasema adabu ni sehemu ya ulinzi wa programu.

Miradi mingi mikubwa sasa ina kanuni za maadili zilizoandikwa. Ubuntu, mradi wa mfumo wa Linux ulioanza mwaka 2004, ni miongoni mwa iliyotangulia. Mwaka 2014 mtengeneza programu Coraline Ada Ehmke aliandika kanuni za Contributor Covenant, na miradi mingi ikazichukua. Kiini cha kanuni hizi hakitofautiani sana: usitukane, usimsumbue mtu kwa jinsia, kabila, dini au asili yake, usianike taarifa zake binafsi. Kanuni nzuri hutaja pia malalamiko yapelekwe kwa nani, na hatua zitakazofuata, kuanzia onyo hadi kufungiwa kabisa.

Wapo wanaohofia kwamba upole utashusha ubora. Linux inawajibu. Septemba 2018 Linus Torvalds, mwanzilishi wake, aliomba radhi hadharani kwa lugha yake kali na kupumzika kwa muda. Mradi ukachukua kanuni zilizotokana na Contributor Covenant. Toleo 4.19 lilitoka mwezi uliofuata chini ya Greg Kroah-Hartman, Torvalds akarejea, na msimbo dhaifu ukaendelea kukataliwa kama kawaida. Unaweza kumwambia mtu, “Mstari huu utavujisha kumbukumbu ya kompyuta, urekebishe,” bila kumwita mjinga. Na Jia Tan anatufundisha upande wa pili: mtu akiwa mpole, msimbo wake ukaguliwe vilevile. Heshima anastahili kila mtu. Msimbo sharti uithibitishe kazi yake.

Mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hupimwa ni pale anaporipoti hitilafu. Anayeandika, “Programu yenu mbovu, rekebisheni haraka,” hajasaidia chochote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: taja toleo unalotumia na mfumo wa kompyuta yako, eleza hatua ulizopitia moja baada ya nyingine, ulitarajia nini, kikatokea nini, kisha nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo. Kabla ya hapo, tafuta kama kuna aliyekwisha kuripoti. Ukigundua udhaifu wa kiusalama, usiutangaze. Wapelekee wahusika kwa faragha kwanza, wapate muda wa kuuziba kabla wezi hawajaufikia.

Suala hili la adabu linatugusa moja kwa moja sisi wa Afrika Mashariki. Wizara za afya za Kenya na Tanzania hukusanya takwimu kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. OpenMRS, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Mtunzaji wa mradi wa aina hiyo akichoshwa na matusi hadi akaondoka, hasara inaweza kumfikia muuguzi wa zahanati ambaye hajawahi hata kusikia neno msimbo.

Kwa hiyo wajibu hauishii kwa anayefoka. Unamhusu pia anayesoma na kupita. Ukimwona mtunzaji akisakamwa, andika sentensi mbili: mwambie anayelalamika kwamba kazi hii ni ya kujitolea, kisha muulize mtunzaji ni kipi unachoweza kumpunguzia, iwe kujaribu toleo jipya au kusahihisha maelezo ya matumizi. Mtu mwenye wenzake wa kuaminika hana haja ya kukabidhi funguo kwa mgeni kwa sababu tu amechoka.