Kipitishi cha Sukari: Umbo la Protini na Tatizo la Jina Lake

Makala haya yanakusudia kueleza umbo la protini inayopitisha sukari katika utando wa bakteria, na kuonyesha jinsi umbo hilo linavyotulazimu kuchagua istilahi zetu kwa uangalifu. Mfano wetu unatoka Kwale, juu ya mnazi.

Mnywaji yeyote wa Msambweni au Diani anajua kwamba tembo lililogemwa alfajiri huwa tamu, na kwamba lilo hilo likifika jioni huwa kali. Kazi hiyo hufanywa na hamira pamoja na bakteria, mmojawapo akiwa Zymomonas mobilis, aliyezoeleka katika tembo la minazi na la michikichi. Utomvu wa mnazi huwa na sukari zaidi ya gramu 100 katika lita moja. Sehemu kubwa ya sukari hiyo hukatwa nje ya seli kuwa glukosi na fruktosi, nazo hukabiliwa na utando wa mafuta usiopitisha kwa urahisi vitu viyeyukavyo majini. Hapo ndipo protini iitwayo Glf inapohitajika. Zymomonas hupata molekuli moja tu ya ATP kwa kila glukosi, nusu ya zile ipatazo hamira ikichachusha. Hivyo hana budi kupitisha sukari nyingi na kwa kasi. Glf haitumii nishati: sukari hutoka ilikojaa kwenda ilikopungua.

Umbo la protini za ukoo huu lilidhihirika mwaka 2003, H. Ronald Kaback, So Iwata na wenzao walipochapisha umbo la LacY, protini ya Escherichia coli inayopitisha laktosi. Mwaka 2012 Nieng Yan na wenzake nchini China walichapisha umbo la XylE, iliyo karibu zaidi na Glf. Zote mbili zina misokoto 12 iliyopenya utando, katika mafungu mawili ya misokoto sita sita. Sukari hushikwa katikati ya mafungu hayo. Ikishashikwa, mafungu hubembea: upande wa nje hufungwa, wa ndani hufunguka. Pande mbili haziwi wazi kwa wakati mmoja.

Basi tuiiteje? "Mfereji" halifai, kwani mfereji huwa wazi huku na huku. "Kivuko" linamkumbusha msomaji feri ya Likoni. Lakini feri husafiri, ilhali protini hii imekaa palepale. Picha iliyo karibu zaidi ni daka la nyumba ya Kiswahili, ikiwa mwenye nyumba ni mkali na haruhusu mlango wa ndani ufunguliwe kabla wa nje haujafungwa. Hata hivyo, daka ni mahali, si kitendaji.

Mwandishi wa makala haya anapendelea "kipitishi": mzizi -pit-, kiambishi cha usababishi -ish-, kiambishi tamati -i, na ngeli ya KI-VI ambamo vifaa vingi huingia. Neno hili linataja kazi bila kudai tundu wala safari. LacY, ambayo huingiza protoni pamoja na laktosi na hivyo kuweza kuirundika laktosi ndani ya seli, ingefaa kuitwa "kipitishi sanjari". Glf ya mgema wetu ibaki "kipitishi" tu.