Dramu za marehemu baba hazina jina: kabla hujauza, zisome kwanza

Jumamosi moja asubuhi mnunuzi wa chuma chakavu alisimama getini kwetu Kirumba na mkokoteni wake. Kaka ndiye aliyemwita. Stoo ilikuwa wazi na dramu za marehemu baba zimepangwa ukutani: ile kubwa inayopigwa kwa mguu, mbili za kati, ile ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, na toazi moja lililopasuka ukingoni.

Kaka alikuwa na sababu yake. Mwanawe amepangiwa kidato cha tano na mahitaji ya shule hayangoji.

Dada naye alikuwa na yake. Pedeli ya ngoma kubwa imeandikwa Premier, na alikuwa amesikia kwamba dramu za zamani za Uingereza zina wateja wanaolipa vizuri. "Kaka, unataka kuuza gari kwa bei ya baiskeli," alimwambia.

Sauti zilipoanza kupanda, mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. "Baba yenu amezipiga hizo mpaka mikono ikaota sugu, na hakuna hata mmoja wenu anayejua zimetoka wapi. Jueni kwanza. Kuuza mtauza baadaye."

Mwenye mkokoteni akaondoka. Tukapewa wiki mbili.

Nimeandika haya kwa sababu najua si nyumba yetu tu. Zipo familia nyingi hapa Ilemela na kwingineko zenye dramu, gitaa au kinanda cha mzee kilichofunikwa turubai, na ugomvi wake huanzia palepale: kila mtu anataja bei, hakuna anayejua kitu chenyewe ni nini.

Jina la pedeli si jina la ngoma

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuamini maandishi ya kwanza tuliyoyaona. Pedeli, stendi na matoazi hununuliwa peke yake na huhama kutoka seti moja kwenda nyingine. Hata jina lililochapwa kwenye ngozi ya plastiki ni la mtengeneza ngozi. Ukikuta Remo juu ya ngozi, umejua nani katengeneza ngozi. Ngoma yenyewe bado hujaijua.

Jina la ngoma hukaa kwenye mzinga, yaani lile pipa la mbao. Mara nyingi ni kibati kidogo kilichobanwa kwenye tundu la hewa. Kwetu vibati vyote vilikuwa vimeng'oka. Lakini kibati kikikaa miaka mingi kwenye ngoma, rangi iliyo chini yake haipauki kama ya pembeni, hivyo hubaki kivuli chenye umbo lake. Kivuli cha mviringo kamili kinakuelekeza kwingine kuliko kile kipana juu na chembamba chini, ambacho kinafanana na kibati cha Ludwig wa Chicago cha miaka ya 1960. Kwenye ngoma yetu kubwa kivuli kilikuwa kama yai.

Ndiyo maana nakuomba, mzazi mwenzangu, usipige msasa, usipulize rangi mpya, usisugue kwa petroli. Kitambaa kikavu kinatosha. Kivuli kikifutika hakirudi.

Tulivyozipima

Tulipiga picha kila upande kwanza. Kisha tulifungua ngozi moja tu, skrubu zote tukazitia kwenye mfuko na kuandika zimetoka ngoma ipi. Hatua hii usiiruke, maana hesi za skrubu za Kiingereza za zamani na zile za Kijapani hazikubaliani. Ukizichanganya na kulazimisha, utaharibu zote.

Halafu tukachukua futi ya fundi nguo na kupima upana wa mzinga wenyewe, bila kuhesabu pete ya chuma inayobana ngozi. Hapa ndipo ndoto ya dada ilipoanza kuyumba.

Premier ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa London mwaka 1922. Mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1960, baadhi ya ngoma zake za kati zilikuwa na vipimo vyake vyenyewe, kubwa kwa milimita chache kuliko kipimo kilichozoeleka, hivyo ngozi ya kawaida haikai juu yake. Za kwetu zilipima sentimita 35.6 na 40.6, yaani inchi 14 na 16 kamili. Ngozi ya dukani ingekaa bila shida.

Kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu, kwa hiyo tuliwasha tochi ya simu na kuchungulia ndani. Mzinga ni plaiwudi nyembamba ya mbao nyekundunyekundu, na juu na chini imegundishwa pete ya mbao kuuimarisha. Pete hizo peke yake hazisemi kitu, maana hata Premier walizitumia. Lakini mbao ile nyekundu laini, inayofanana na mninga uliopauka, ilitumika sana na viwanda vya Japani vya wakati ule. Na kwenye kile kishikio cha kukaza na kulegeza nyuzi za ngoma ndogo, baada ya kufuta vumbi, tulisoma neno moja lililogongwa kwenye chuma: JAPAN.

Kiwanda kimoja, majina mengi

Februari 1964 kundi la Beatles lilionekana kwenye televisheni ya Marekani, mpiga dramu wao Ringo Starr akiwa nyuma ya seti ya Ludwig. Vijana wa nchi nyingi walitaka dramu, na wengi hawakuwa na uwezo wa kununua Ludwig. Japani ilikuwa tayari. Kampuni ya Pearl ilikuwa imejenga kiwanda huko Chiba mwaka 1961, na dramu za bei nafuu zilizotoka humo ziliuzwa kwa majina ya wafanyabiashara zaidi ya 30. Hoshino nao walitengeneza dramu za Star, ambazo mwaka 1974 zilipewa jina la Tama.

Maana yake ni kwamba hata kama kibati kingekuwepo, huenda kingekuwa na jina la muuzaji, na mtengenezaji asingetajwa popote. Tulichoweza kusema kwa haki ni hiki: dramu za Japani, kwa mtindo wa miaka ya 1960, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wasio na hela nyingi. Dada alikaa kimya. Kaka hakumcheka, nalishukuru hilo.

Namba iliyo ndani

Lakini tochi ilionyesha kitu kingine. Ndani ya ngoma kubwa kulikuwa na herufi tatu na namba, zimeandikwa kwa brashi na rangi nyeupe. Namba ya mali ya ofisi.

Wasomaji wa rika langu wanakumbuka. Bendi nyingi za dansi baada ya uhuru zilikuwa za mashirika, vyama na majeshi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Swali likatukaa kooni: hivi baba alizipataje?

Tulikwenda Pasiansi kwa mzee aliyepiga gitaa na baba. Tunamwita baba mdogo. Alizitazama picha kwenye simu, akaomba miwani, akazitazama tena.

"Bendi ilipovunjwa, vyombo vibovu tuliuziwa sisi wenyewe," alisema. "Baba yenu alikatwa mshahara. Mimi nilichukua spika, zikafa. Muulizeni mama yenu, karatasi anayo."

Mama alikuwa nayo kweli, kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Stakabadhi, wino umefifia, herufi tatu na namba ni zilezile. Alikuwa anajua siku zote. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mlikuwa mnauliza bei. Hamkuuliza hilo."

Wiki iliyofuata niliwapeleka watoto Bujora, pale Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Kuna jengo la ngoma za watemi. Hakuna hata moja yenye kibati cha kiwanda, lakini kila moja ina kwao, kwa sababu kuna watu waliosimulia na wengine wakaandika. Mwanangu wa darasa la tano aliuliza kama ngoma za babu nazo zina kwao. Nikamwambia sasa zinako.

Mahitaji ya kidato cha tano tumechangishana. Kaka alitoa fungu kubwa, nasi tukajazia. Dramu hazijauzwa. Mjukuu wa Pasiansi ameshafunga ngozi mpya kwenye ngoma ndogo, na toazi lililopasuka tumeliacha lilivyo.

Ndani ya ngoma kubwa, kando ya ile namba nyeupe, tumebandika karatasi kwa gundi ya maji: imetoka nchi gani, bendi ilikuwa ya nani, nani aliipiga, aliilipa vipi. Mwandiko ni wa mama. Akija mtu mwingine na tochi miaka 40 ijayo, hatapata shida tuliyoipata sisi.

Wewe unayesoma hapa, kama mzee wako bado yupo, huhitaji tochi. Nenda ukamuulize leo.