Udaktari wa Jeshi: Hesabu ya Miaka Kabla ya Kiapo

Daktari wa jeshi ni afisa mwenye kamisheni, yaani hati ya mamlaka itolewayo na mkuu wa nchi, na wakati huohuo ni tabibu aliyesajiliwa na baraza la taaluma yake, kwa hiyo kijana anayeifikiria njia hiyo hana budi kukubali kutawaliwa na sheria mbili kwa pamoja: ile ya jeshi inayomtaka atii amri, na yale maadili ya udaktari yanayomtaka amtangulize mgonjwa. Wazazi na vijana wengi huupima uamuzi huu kwa ada na uhakika wa ajira, jambo linaloeleweka pale ambapo wahitimu wa udaktari hukaa wakisubiri nafasi za kazi, lakini ada ndiyo sehemu nyepesi ya hesabu, kwa kuwa jeshi hulipwa kwa miaka, tena miaka ileile ambayo daktari hujenga ubingwa na familia.

Nchini Marekani hesabu hiyo imewekwa wazi, na inafaa kusomwa kama mfano. Hadi mwaka 1973 nchi hiyo iliweza kuwachukua madaktari jeshini kwa lazima, kama ilivyowachukua vijana wengine wakati wa vita vya Vietnam. Utaratibu huo ulipokaribia mwisho wake, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1972 iliyofungua milango miwili. Wa kwanza ni chuo kikuu cha tiba cha majeshi kilichoko Bethesda, jimbo la Maryland, ambako mwanafunzi halipi ada, huvaa sare tangu mwaka wa kwanza na hupokea mshahara wa afisa wa cheo cha chini, kisha hudaiwa utumishi wa miaka 7. Wa pili ni ufadhili wa anayesoma katika chuo cha kiraia, ambapo jeshi hulipa ada pamoja na posho ya kila mwezi, na kwa kawaida kila mwaka uliofadhiliwa hufidiwa kwa mwaka mmoja wa utumishi.

Linalowaponyoka wengi ni kwamba miaka ya kusomea ubingwa kwa kawaida haipunguzi deni hilo. Mwanafunzi anayeingia Bethesda akiwa na umri wa miaka 22 atahitimu akiwa na 26. Akisomea upasuaji kwa miaka 5 atakuwa amefikisha 31, na hapo ndipo ile miaka 7 inaanza kuhesabiwa, hata awe huru akiwa na 38. Ubingwa wenyewe nao hauko mikononi mwake peke yake, kwa sababu jeshi hupanga idadi ya nafasi kulingana na mahitaji yake, na wapo wanaopelekwa vikosini au melini mara tu baada ya mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, wakahudumu kama madaktari wa kawaida kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi kusomea fani waliyoitaka. Aliyeota kuwa bingwa wa watoto anaweza kujikuta akiwapima mabaharia. Hakuna udanganyifu katika hilo, maana masharti huandikwa kabla ya mtu kutia saini, ila kijana wa miaka 22 ni vigumu kuyasoma kwa macho ya mtu wa miaka 35.

Afrika Mashariki njia iliyozoeleka huelekea upande mwingine. Nchini Tanzania, kwa mfano, daktari husoma miaka 5 katika chuo kama Muhimbili, akamaliza mwaka wa utarajali, na baada ya hapo anaweza kuomba kujiunga na Jeshi la Wananchi. Maafisa wa jeshi hilo hufunzwa Monduli, mkoani Arusha, kama wenzao wa Kenya wanavyofunzwa Lanet, Nakuru. Njia hii ina faida isiyosemwa vya kutosha: anayeamua ni mtu mzima ambaye tayari ana taaluma, ameshaona wodi na ameshaona kifo, na kama anadaiwa na Bodi ya Mikopo, deni lake ni la fedha. Fedha hulipika, miaka ya utumishi haina wa kuinunua.

Kazi yenyewe wakati wa amani hailingani na picha ya sinema. Askari ni vijana wenye afya waliochaguliwa, hivyo siku nyingi za daktari wa kikosi hupita katika kupima afya za waajiriwa wapya, kuzuia malaria, kukagua maji na jikoni, na kutibu familia za kambini. Kwa daktari mpasuaji hali hiyo ni hatari halisi, kwa kuwa mkono usiopasua mara kwa mara hupoteza wepesi, na majeruhi wa risasi hawasubiri mtu ajikumbushe. Ndiyo maana hospitali za jeshi zinazopokea raia, kama Lugalo jijini Dar es Salaam au Kanombe mjini Kigali, zina thamani mara mbili: raia hupata tiba, na daktari hudumisha ujuzi ambao siku moja utahitajika kwa ghafla. Siku hizo zipo. Mnamo Desemba 2017 kambi ya walinda amani huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, askari wengi wa Tanzania wakauawa na makumi wengine wakajeruhiwa.

Katika mazingira kama hayo daktari hufanya uchambuzi wa majeruhi, yaani kuamua nani atibiwe kwanza, na Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949 unamwekea kipimo kimoja tu, nacho ni udharura wa kitabibu. Adui aliyejeruhiwa vibaya humtangulia kapteni aliyevunjika kidole. Silaha anayobeba ni ya kujilinda yeye na wagonjwa wake. Itifaki ya mwaka 1977 ya nyongeza kwa Mikataba ya Geneva, ambayo Tanzania na Kenya zimeiridhia, inakataza pia kumwadhibu kwa kutibu kulingana na maadili ya kazi yake.

Mgongano mgumu zaidi huwa mdogo kwa sura. Rubani anamweleza daktari kwamba hapati usingizi na amewahi kupata kizunguzungu angani, akiomba liwe siri. Kamanda naye anataka kujua kama rubani huyo anafaa kuruka kesho. Hospitali ya kiraia ingeilinda siri hiyo kwa uzito mkubwa, lakini jeshini daktari anawajibika kutamka kama mtu anafaa kazi au hafai, na rubani hawezi kuhamia kwa daktari mwingine. Asiyeweza kumwambia mgonjwa wake ukweli huo mapema, kabla hajafungua moyo, hataifanya kazi hii kwa amani.

Kwa hiyo anayevutiwa na ada pekee ni afadhali atafute mkopo. Anayeitaka kazi yenyewe, kabla ya kutia saini, aulize kwa maandishi mambo mawili: ni lini ataruhusiwa kusomea ubingwa, na je, miaka hiyo ya masomo itahesabiwa katika utumishi wake? Kisha azungumze na daktari aliyebaki jeshini na mwingine aliyetoka, na awasikilize wote wawili.