Kahawa ya Mbale na lugha ya kati ya kompyuta

MBALE, Uganda. Kahawa ya arabika inayovunwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon hubadilishwa majina njiani kwenda bandari ya Mombasa. Sokoni Mbale wengine huiita emmwanyi, wengine kahawa, wengine buni. Kompyuta za forodha hazitegemei majina hayo. Zinasoma namba 0901.11, yaani kahawa isiyokaangwa na isiyoondolewa kafeini. Ikikaangwa, inakuwa 0901.21.

Namba hizo zinatokana na mfumo wa Shirika la Forodha Duniani ulioanza kutumika mwaka 1988. Mpangilio wake ni mmoja: tarakimu mbili za kwanza ni sura, mbili zinazofuata ni kundi, mbili za mwisho ni aina. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili nyingine.

Wataalamu wa kompyuta wana kitu kama hicho, nacho ni lugha ya kati. Kompaila, programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa amri za mashine, mara nyingi hupitia lugha hiyo kwanza. Mradi wa LLVM, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 2000, ni mfano. Lugha za Rust na Swift huutumia.

Faida yake ni ya hesabu. Nchi 8 za Jumuiya, kama kila mbili zingetafsiriana orodha zao za bidhaa peke yao, zingehitaji makubaliano 28. Kwa orodha moja ya pamoja, kila nchi hujifunza moja tu.

Lakini lugha ya kati ikiandikwa kwa mitindo miwili, kila anayeitumia hubeba mzigo wa kukariri tofauti hizo. Ndivyo ilivyokuwa kwa WebAssembly, lugha inayosomwa na vivinjari vya intaneti. Amri nyingi zilianza na aina ya kitu, kisha kitendo, kama "i32.add". Chache zilikwenda kinyume, kama "get_local" na "grow_memory". Zikageuzwa kuwa "local.get" na "memory.grow" kabla kiwango hicho hakijapitishwa rasmi Desemba 2019. Namba zinazosomwa na mashine hazikuguswa. Yaliyorekebishwa ni maandishi yanayosomwa na binadamu, na yalirekebishwa mapema, kabla programu nyingi zaidi hazijajengwa juu yake.

Afrika Mashariki ina kazi kama hiyo. Tangu Julai 1, 2022, ushuru wa pamoja wa bidhaa kutoka nje una viwango vikuu vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Hata hivyo, kila mwaka wa fedha nchi wanachama huomba kusimamisha kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani na kutumia chao, na maombi yanayokubaliwa huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya.

Matokeo yake, namba moja inaweza kutozwa ushuru tofauti Uganda na Kenya. Mfanyabiashara wa Jinja anayeagiza mzigo kutoka ng'ambo hawezi kuishia kwenye namba. Lazima ajue pia ni nchi gani imeomba nini mwaka huu, na mzigo wake ukivuka Malaba baadaye utadaiwa kiasi gani. Kampuni kubwa huajiri wakala wa kufuatilia hayo. Mwenye duka dogo huyagundua akiwa mpakani.