Nguruwe akikohoa Ganze, sisi yatuhusu nini?

Taja ufugaji wa nguruwe barazani kwetu uone watu wanavyokunja uso. Nguruwe ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini virusi vya mafua haviulizi dini ya mtu. Jirani wa Ganze mwenye banda la nguruwe twapanda naye matatu moja, na watoto wetu wasoma darasa moja.

Hatari yenyewe ni hii. Nguruwe aweza kushikwa na mafua ya binadamu na ya ndege pia. Aina mbili zikikutana ndani ya mnyama mmoja, zaweza kubadilishana vinasaba, kikazuka kirusi kipya ambacho miili yetu haijakizoea. Kirusi cha H1N1 cha mwaka 2009 kilikuwa na vinasaba vya asili ya nguruwe, ndege na binadamu. Kiligunduliwa Marekani na Mexico mwezi Aprili, na kabla ya Juni kwisha kilikuwa kimeingia Kenya, tena kwa wasafiri, si kwa nguruwe.

Misri iliamua kuchinja nguruwe wake wote, yapata 300,000. Mafua yakaingia vilevile mwezi Juni, kwa kuwa yalikuwa yakienea mtu kwa mtu. Walioumia ni wazoa taka wa Cairo, waliowalisha nguruwe mabaki ya chakula, na taka zikarundikana mitaani.

Basi njia ya busara ni kuwapima wanyama mapema. Daktari wa mifugo huingiza kijiti cha pamba puani mwa nguruwe, hasa wadogo walioachishwa kunyonya, akakihifadhi penye baridi hadi maabara. Penye nguruwe wengi huning'inizwa kamba ya pamba bandani. Wakiitafuna, mate hukamuliwa yakapimwa. Kazi hii yataka kurudiwa, maana mnyama hupona kwa muda wa wiki moja hivi, na wengine hawaonyeshi dalili yoyote.

Mafua pia hutoka kwa mtu yakaenda kwa nguruwe. Kirusi cha 2009 kimeshapatikana kwa nguruwe humu humu Kenya. Kwa hivyo mfugaji mwenye mafua asiingie bandani, na kuku na bata wakae mbali na nguruwe. Wala tusichanganye mambo: homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo habari zake zilichapishwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, humaliza zizi zima lakini haimpati binadamu.

Mjini Kilifi tunayo KEMRI, ambayo kwa miaka mingi imefuatilia maradhi ya njia ya hewa kwa watu. Kaunti nayo ifuatilie mabanda ya Ganze. Na sisi tuchunge ndimi zetu. Mfugaji anayedharauliwa atawaficha wanyama wake wakiugua, na ugonjwa uliofichwa hautabaki kwake peke yake.