Umri wa makamo bila mume: Nani atauangalia mwili wako?

Kuishi bila mume si maradhi. Naanza kwa kauli hii kwa sababu akina mama wengi wanaokuja kutibiwa hapa Kitale, na wale wanaotoka upande wa Bungoma, huitaja hali hiyo kwa sauti ya chini kana kwamba ni mojawapo ya dalili. Wengine ni wajane, wengine waliachana na waume zao, na wengine hawakuolewa kwa hiari yao wenyewe. Iwapo wewe ni mmoja wao na umri wako ni kati ya miaka 40 na 60, makala haya ni yako.

Yafaa tukubali kwanza kwamba yapo mazuri. Mwanamke wa namna hii hulala bila kungoja hodi ya usiku wa manane. Pesa za mahindi yake au za duka lake huzipangia mwenyewe. Akiambiwa apunguze chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu, hupunguza bila kugombana na mtu mezani. Na kwa yule aliyetoka katika nyumba ya kipigo, kuondoka huko kulikuwa tiba kuliko dawa yoyote ninayoweza kumwandikia.

Ubaya wake je? Wengi watajibu kuwa ni upweke. Hata hivyo, kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Tangu ujana, mwanamke hukutana na wahudumu wa afya kupitia uzazi: kliniki ya waja wazito, kliniki ya watoto, upangaji wa uzazi. Huko ndiko hupimwa damu na presha. Mtoto wa mwisho akishamaliza chanjo, mlango huo hufungwa. Mwenye mume huenda akabaki na mtu wa kumuuliza, "Mbona umekonda hivi?" Asiye naye hukosa hata swali hilo, na hukosa wakati mwili wake unapoanza kubadilika.

Jasho la usiku si malaria daima

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Twasema imekoma miezi 12 inapopita bila damu. Kabla ya hapo, homoni iitwayo estrojeni hupanda na kushuka, kisha hupungua, na sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huvurugika. Mama akaamka usiku akiwa amelowa jasho.

Bungoma, ambako malaria ni ugonjwa wa kila nyumba, jasho hilo humpeleka moja kwa moja duka la dawa. Kitale, ambako usiku huwa na baridi, hushangaa kujikuta akitupa blanketi, naye akadhani ana homa. Hununua dawa za malaria mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, na jasho haliishi.

Tofauti ipo. Joto la hedhi inayokoma hupanda ghafula kifuani, shingoni na usoni, hudumu dakika chache, na kipimajoto hakionyeshi homa. Malaria aghalabu huja na homa, kutetemeka, kuumwa na kichwa na maumivu ya viungo. Hata hivyo usibahatishe. Pimwa damu kwanza. Ikiwa hakuna malaria, mweleze daktari umri wako na tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Iwapo una kikohozi cha zaidi ya majuma mawili na unakonda, pimwa kifua kikuu, kwani nacho huleta jasho la usiku. Kwa anayesumbuliwa sana na kukoma kwa hedhi, dawa zipo, ingawa zile za homoni hazimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu mishipani.

Ukiona damu, hata tone, baada ya hedhi kukoma kabisa, usingoje. Nenda hospitali juma hilo hilo.

"Sina mwanamume, nipimwe nini?"

Hili ndilo jibu ninalopewa mara nyingi ninapotaja saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani mbili zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Jibu hilo ni la hatari. Karibu kila saratani ya aina hii huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Tangu kirusi kiingie hadi saratani itokee, aghalabu hupita miaka 15 hadi 20. Kwa hivyo mjane aliyezika mumewe miaka kumi iliyopita bado anahitaji kipimo. Chanjo ya kirusi hiki ilianza kutolewa na serikali kote nchini mwaka 2019, nayo ililenga wasichana wa miaka 10. Wewe na wenzako mlikuwa mmeshapita umri huo.

Kipimo chenyewe huchukua dakika chache. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi maji ya siki, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe; au ute huchukuliwa ili kutafuta kirusi, na ute huo waweza kujichukulia mwenyewe ukielekezwa. Kasoro ikigunduliwa mapema, huondolewa kwa kugandishwa au kwa joto kabla haijawa saratani. Uliza huduma hiyo katika hospitali kubwa za serikali mjini Kitale na Bungoma.

Ukiwa na rafiki, au ukitakiwa urithiwe

Kuishi peke yako si kusema huna mapenzi. Kumbuka basi kwamba hedhi inayorukaruka haizuii mimba. Endelea na upangaji wa uzazi mpaka umalize mwaka mzima bila hedhi ikiwa umetimiza miaka 50, au miaka miwili ikiwa hujaifikisha. Pimeni virusi vya Ukimwi nyote wawili kabla ya kuiacha mipira. Tangu mwaka 2017 Kenya ina tembe za kumkinga asiye na virusi, na tembe za dharura humezwa kabla ya saa 72 kupita.

Kwa wajane wa huku magharibi, suala la kurithiwa bado lipo. Sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015 inataja kumrithi mjane kwa lazima, na hata kumlazimisha "kutakaswa", kuwa ni ukatili. Una haki ya kukataa. Hata ukikubali kwa moyo wako, kupimwa kutangulie.

Tafuta wa kukuona

Upweke nao si jambo dogo. Mtu asiye na wa kuzungumza naye kwa muda mrefu yumo katika hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na huzuni kuu. Ukikosa usingizi na hamu ya chakula, na mambo yaliyokupendeza yakawa hayakupendezi kwa majuma mawili, mwone daktari. Hali hiyo hutibika.

Unao tayari msaada: chama chako, kwaya, majirani wa ploti. Utumieni. Wahudumu wa afya wa jamii walipewa mwaka 2023 mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Mkaribisheni mmoja katika mkutano wa chama, mpimwe nyote. Jisajili na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, kwa jina lako mwenyewe, hasa ikiwa zamani ulikuwa chini ya kadi ya mume.

Mwisho, uteue mwezi wako wa kuzaliwa kuwa mwezi wa mwili wako. Kila mwaka pima presha, sukari na matiti. Virusi vya Ukimwi pia ikiwa una mpenzi. Ikiwa presha ni 140 kwa 90 au zaidi, rudi ipimwe tena, kwani haina maumivu hadi siku ya kiharusi. Kipimo cha HPV kiwe kila baada ya miaka 5, na mapema zaidi kwa wenye virusi vya Ukimwi. Kisha mpe jirani mmoja ufunguo wa akiba na nambari ya simu ya nduguyo. Mkubaliane kwamba asipoona mlango wako umefunguliwa kufikia saa mbili asubuhi, aje abishe hodi.