Kibao Kinasema Kampuni. Je, ni Kampuni Kweli?

Tazama kibao cha duka au cha mashine iliyo karibu nawe. Huenda kimeandikwa jina la mtu, kisha maneno "na Kampuni". Ukimwuliza mwenyewe, atakuambia kuwa ana kampuni. Atakuonyesha na cheti ukutani. Lakini kisome cheti hicho vizuri. Huenda ni cheti cha jina la biashara tu.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, mbolea na wadudu. Mambo ya kampuni sikufundishwa chuoni. Nilianza kuyauliza siku niliyoona jirani yangu akiuziwa mali yake.

Jirani huyu yuko mkoa wa Singida. Alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Wakulima walimletea mbegu, naye aliuza mafuta katika madumu na mashudu kwa wafugaji. Mwaka 2022 bei ya alizeti ilikuwa nzuri. Yeye akaona itapanda zaidi. Akanunua magunia mengi kwa mali kauli, yaani alichukua mbegu kwanza akaahidi kulipa baadaye. Akakopa na fedha kwa mfanyabiashara wa mjini. Ghala likajaa mpaka mlangoni.

Mwaka 2023 bei ilianguka. Wakulima wa Singida na Dodoma wanaukumbuka mwaka huo. Mafuta yake yalishindwa kurudisha hata bei ya mbegu. Halafu mota ya mashine ikaungua. Wadai wakaenda mahakamani, wakashinda. Dalali wa mahakama alipofika, jirani yangu alimwonyesha kibao. Akasema, "Bwana, deni hili ni la kampuni. Ng'ombe hawa ni wangu mimi na watoto wangu."

Dalali akajibu, "Mzee, hapa hakuna kampuni. Kuna wewe."

Waliuza mashine. Haikutosha. Wakauza fremu zake 2 za duka pale sokoni. Haikutosha. Wakachukua ng'ombe 9, wakamwachia wawili wa plau. Mke wake alikaa jikoni siku nzima, hakutoka nje.

Dalali alisema kweli. Jina la biashara ni jina tu. Ni kama kofia, na anayeivaa ni wewe. Biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe. Mkiwa wawili au watatu katika ubia, hali ni ngumu zaidi. Mdai anaweza kumshika mmoja wenu alipe deni lote, hata kama aliyekopa ni mwenzake.

Kampuni yenye dhima ya kikomo ni kitu kingine. Neno "dhima" maana yake ni wajibu wa kulipa. "Kikomo" maana yake ni mpaka. Basi wajibu wako wa kulipa una mpaka, na mpaka huo ni hisa zako. Hisa ni fungu lako katika mtaji wa kampuni.

Tuchukue mfano. Ninyi watatu mmeanzisha kampuni. Wewe umechukua hisa 40, kila hisa shilingi 10,000. Fungu lako ni shilingi 400,000. Umekwisha lipa 250,000. Kampuni ikifa na madeni, utadaiwa zile 150,000 ambazo hujalipa. Ukiwa umelipa zote, hudaiwi kitu tena. Fedha uliyoweka imepotea, lakini ng'ombe wako wamebaki zizini.

Jambo hili linawezekana kwa sababu kampuni iliyosajiliwa huhesabiwa na sheria kuwa mtu. Mtu huyu hali ugali wala hafi malaria, lakini anamiliki mashine, anakopa, anashitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Nilipoelezwa hivi mara ya kwanza nilicheka. Wakili aliyenieleza hakucheka. Alinisimulia habari za fundi viatu.

Fundi huyo aliitwa Aron Salomon, wa London, Uingereza. Aligeuza biashara yake ya viatu kuwa kampuni. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilitaka wanachama 7. Akamweka mkewe, binti yake na watoto wake wa kiume 4, kila mmoja hisa moja. Yeye alikuwa na hisa 20,001. Kampuni ikashindwa kulipa madeni. Wadai wakasema hiyo si kampuni, ni Salomon mwenyewe kajificha. Mahakama za chini zilikubaliana nao. Lakini mwaka 1896 majaji wa juu kabisa walisema hapana: kampuni ni mtu mmoja na Salomon ni mtu mwingine. Sheria yetu ya makampuni ina asili katika sheria za Uingereza, na hukumu hiyo bado inatajwa katika mahakama zetu.

Sasa fikiri upande wa pili. Wale waliomuuzia Salomon ngozi walikosa fedha zao. Basi wewe mkulima unayepeleka alizeti kwa mali kauli, soma jina la mnunuzi. Kampuni ya namna hii lazima jina lake liishie na neno "Limited". Neno hilo ni onyo kwako. Linasema: ukinikopesha, tazama mali ya kampuni, usitazame nyumba ya mwenye kampuni.

Je, kampuni husajiliwa wapi? Husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Sheria inayotumika ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Si lazima upande basi mpaka Dar es Salaam. Maombi hufanywa kwa mtandao. Kijana mwenye simu nzuri au kompyuta anaweza kukusaidia, lakini kaa naye. Usimwachie kitambulisho chako ukaenda sokoni.

Kampuni ninayoizungumzia ni ya watu wawili au zaidi, wasiozidi 50. Iwe na wakurugenzi wasiopungua wawili, na katibu. Kila mmoja awe na namba ya kitambulisho cha taifa. Chagueni jina. Jina lisifanane na la kampuni nyingine. Kisha andikeni katiba ya kampuni: itafanya kazi gani, mtaji ni kiasi gani, nani ana hisa ngapi, mikutano itaitishwaje. Hapo tafuteni wakili. Najua wakili ni ghali. Lakini katiba iliyonakiliwa kwa kampuni ya mtu mwingine italeta ugomvi siku mmoja wenu akitaka kutoka, au akifariki na watoto wake wakaja kudai.

Ada ya usajili hufuata mtaji mnaouandika. Ukiandika mtaji mkubwa ili uonekane tajiri, utalipa ada kubwa, na fungu lako la kudaiwa linakua vilevile. Andikeni mtaji mnaoweza kuutoa.

Mkipata cheti, kampuni itafute namba yake ya mlipakodi kutoka TRA, akaunti yake benki na leseni yake ya biashara. Afisa biashara wa wilaya atawaelekeza. Kwa mafuta ya kula, waoneni pia watu wa Shirika la Viwango, TBS. Na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, lina watu wanaozijua mashine za kukamua.

Sasa nije kwenye jambo linalovunja kampuni nyingi ndogo. Fedha ya kampuni si fedha yako. Umeuza madumu 10, mtoto anadaiwa ada ya shule, unachukua humo humo. Kesho unanunua bati. Hakuna daftari, hakuna risiti. Siku ya kesi utasema mali ya kampuni ni hii na yangu ni ile. Utaonyesha nini? Mkurugenzi alipwe mshahara au posho iliyoandikwa. Faida igawanywe kwa hisa baada ya hesabu kufungwa. Kama umetumia kampuni kudanganya watu, mahakama inaweza kukushika wewe mwenyewe, cheti au bila cheti.

Na kuna saini. Benki ikiikopesha kampuni ndogo, mara nyingi huwaambia wakurugenzi waweke dhamana binafsi. Ukitia saini hapo, ule mpaka umeuondoa kwa mkono wako. Deni la kampuni limekuwa lako. Mimi niliwahi kumdhamini shemeji yangu. Nilikatwa mshahara miezi 14, na mafuta ya pikipiki nilikuwa naomba. Kama dhamana ni nyumba ya familia, kumbuka Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mume hawezi kuiweka rehani bila ridhaa ya mke, wala mke bila ridhaa ya mume. Mama, ukiletewa karatasi utie saini, omba usomewe yote.

Je, kila mtu aanzishe kampuni? Sidhani. Mama mwenye mgahawa, kijana mwenye bodaboda moja, hawa jina la biashara linawatosha. Kampuni ina gharama kila mwaka. Lazima ipeleke taarifa ya mwaka BRELA, na ikichelewa inatozwa faini. Lazima ipeleke hesabu TRA, zikiwa zimepitiwa na mhasibu aliyesajiliwa. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Hata mwaka ambao hamkukamua tone moja, taarifa zinatakiwa. Lakini kama unanunua mbegu za watu kwa mamilioni, na una fremu au shamba usilotaka liguswe, basi hesabu gharama hizo mapema.

Jirani yangu amezihesabu. Mwaka huu ameungana na dada yake na shemeji yake. Dada ndiye anashika daftari, naye ni mkali. Hata chumvi ya jikoni hainunuliwi kwa fedha ya mafuta. Mota imefungwa upya. Jina la kwanza walilopeleka BRELA lilikataliwa, kwa kuwa lilifanana na la kampuni nyingine. Wamepeleka la pili. Kile kibao cha zamani kimeshushwa na kupakwa rangi nyeupe, kimeegemezwa ukutani nyuma ya mashine. Fundi rangi amekwisha lipwa nusu, anangoja jina.